Mtani wa Faru

Mtu akikukopesha shilingi elfu kumi unajua unadaiwa. Akikununulia chai na maandazi pia unajua, hata kama hakuna aliyeandika kwenye daftari. Je, akikupa kicheko? Hapo wengi wetu tunaona hakuna deni. Tumecheka, tumefuta machozi, tumemsimulia mshikaji wa pili naye kacheka, basi, mambo yameisha. Mimi nasema hayajaisha. Ndugu msomaji, naomba tuulizane taratibu: mwandishi wa vichekesho na shabiki wake wanadaiana nini? Na yule anayechekwa ndani ya hadithi, yeye anamdai nani?

Nachukua mfano wa mtu wa mbali aliyewahi kupita jirani na kwetu.

Douglas Adams alikuwa Mwingereza, amezaliwa Cambridge mwaka 1952, mrefu kama mlingoti, karibu mita mbili. Mwaka 1978 redio ya BBC ilirusha mchezo wake wa kuchekesha uitwao The Hitchhiker's Guide to the Galaxy. Mwaka 1979 ukawa riwaya, na mwaka 1981 ukaingia kwenye televisheni. Alifanya kazi pia ya kuhariri miswada ya Doctor Who, mchezo wa televisheni ambao Waingereza wameupenda tangu mwaka 1963. Vitabu vya hadithi ile ya kwanza vikafika vitano, na bado vikawa vinauzwa kwa jina la utatu. Huo nao ulikuwa utani wake.

Hadithi yenyewe inaanza na bwana mmoja wa kawaida tu, Arthur Dent, anayeamka asubuhi na kukuta tingatinga nje. Nyumba yake inabomolewa kupisha barabara. Anaambiwa ramani zilibandikwa, alikuwa na muda wa kutosha kupinga, ila zilibandikwa mahali ambapo mtu mwenye akili zake hawezi kwenda kuzitafuta. Muda mfupi baadaye viumbe wa anga wanakuja kuibomoa dunia nzima kupisha barabara yao ya angani, na wao wanajibu hivyo hivyo: taarifa ilitolewa, hamkuja kusoma. Mtu wa London anacheka kwa sababu ni upuuzi. Mtu wa kwetu anayejua alama ya X nyekundu ukutani anacheka pia, lakini kicheko chake kina kipande cha kigugumizi.

Sasa mashabiki wake. Hao ni watu wa ajabu kidogo, na ugomvi wao ndio ulionifanya niandike makala hii. Naona wana madai makubwa matatu.

La kwanza ni namba 42. Katika hadithi, kompyuta kubwa kuliko zote inaulizwa jibu la maisha na ulimwengu na kila kitu. Inafikiri miaka milioni saba na nusu, halafu inajibu: 42. Mashabiki wakaanza kuchimba. Wengine wakapiga hesabu za ajabu, wengine wakatafuta siri za dini. Adams akaeleza mara nyingi kwamba alitafuta tu namba ndogo, ya kawaida, isiyo na makuu, kwa sababu hiyo ndiyo ingechekesha. Wapo waliokataa. Yaani mwenye utani anasema huu ni utani, shabiki anasema hapana bwana, unatuficha.

Dai la pili ni kuchelewa. Adams alikuwa mwandishi mzito wa kuanza na mzito wa kumaliza. Riwaya yake ya nne, iliyotoka mwaka 1984, ilibidi afungiwe hotelini pamoja na mhariri wake ili aimalize. Shabiki anasema: tumekupenda, tumenunua, tupe kingine.

La tatu ni zito zaidi. Kitabu cha tano kilitoka mwaka 1992, na mwisho wake ni giza. Watu ambao wasomaji walikuwa wamewazoea kama majirani wanapotezwa, mlango unafungwa. Wengi walikasirika kabisa. Baadaye mwenyewe alikiri kwamba mwaka ule ulikuwa mbaya kwake na kwamba kitabu kilitoka cha huzuni. Lakini tazama jinsi dai lilivyokaa: wewe kazi yako ni kutufurahisha, huzuni yako tunaihitaji ya nini?

Hilo ndilo swali la kimaadili. Shabiki anayempenda mchekeshaji ana haki ya kumkataza asihuzunike?

Kabla ya kumhukumu shabiki wa Ulaya, tuje hapa jirani, Kenya. Wahome Mutahi aliandika safu ya Whispers kwenye magazeti ya Jumapili kwa takribani miaka ishirini. Familia nzima ya safu ile ilijulikana mitaani: baba mlevi mlevi na mwoga, mke aliyepewa jina la Thatcher kama yule waziri mkuu wa Uingereza, binti aliyeitwa The Investment, na kijana aliyeitwa Domestic Thug. Watu walicheka kwenye mabasi, walicheka kanisani kabla ya ibada. Lakini mwaka 1986 Mutahi alikuwa amekamatwa katika msako wa Mwakenya, akateswa, akafungwa. Mwaka 1991 akatoa riwaya ya Three Days on the Cross, na mwaka uliofuata Jail Bugs. Humo ndimo alimoweka kilichompata yeye na wenzake. Alifariki Julai 2003, baada ya kulala miezi kadhaa bila fahamu kufuatia upasuaji.

Fanya jaribio dogo. Mtaje Mutahi kwa mtu aliyeishi Nairobi miaka ile. Atakusimulia Whispers hadi chai ipoe. Kisha muulize kuhusu Three Days on the Cross, uone ni wangapi watakujibu. Kitabu cha kicheko kimejaa midomoni, kitabu cha maumivu kimebaki rafuni, na mkono ulioviandika ni ule ule. Mimi naamini kwamba asiyemsoma Mutahi wa gerezani hajamwelewa vizuri hata Mutahi wa Jumapili. Yule baba mwoga wa kwenye safu anayeogopa mke, anayeogopa polisi, anayeogopa kila mwenye sauti, hakuzuka hewani. Aliandikwa na mtu aliyejua hofu ni kitu gani.

Kwa hiyo shabiki anadaiwa. Anadaiwa nini hasa? Nadhani jibu hatuna haja ya kulifuata mbali. Liko kwenye utani.

Kwetu Tanzania kutaniana ni jambo lenye utaratibu, na kila mmoja analijua hata kama hakufundishwa darasani. Mchaga na Mpare, Mnyamwezi na Mzaramo, babu na mjukuu wake. Mtani ana ruhusa ambayo wengine hawana. Anaweza kukuita bahili mbele ya wakwe zako. Msiba ukitokea, anaweza kuingia akiigiza marehemu alivyokuwa akitembea, akavaa kofia yake, akadai apewe chochote la sivyo kaburi halichimbwi, na wafiwa wakajikuta wanacheka katikati ya kilio. Hakuna anayekasirika. Kwa nini? Kwa sababu mtani huyo huyo ndiye anayeshika jembe. Ndiye anayechota maji, anayehangaika na sufuria, anayebaki wengine wakiondoka. Na siku msiba ukiwa wake, wewe nawe utaenda kumfanyia vivyo hivyo.

Ukitazama vizuri, utani una mambo matatu. Moja, utani wenyewe unaweza kuwa upuuzi mtupu, si lazima uwe na funzo. Pili, anayetaniwa ana nafasi ya kujibu. Tatu, anayetania ana kazi ya kufanya. Ukiondoa hilo la pili na la tatu, kinachobaki si utani tena. Kinaitwa kejeli.

Tumpime Adams kwa kipimo hicho. Mwaka 1994 alishiriki safari ya kuchangisha fedha ya shirika la Save the Rhino, safari iliyoelekea Kilimanjaro. Hapa kwetu Arusha, asubuhi isiyo na mawingu, ukiwa umepanda kidogo kwenye miteremko ya Meru unauona mlima ule umekaa upande wa mashariki. Wasafiri wale walikuwa na vazi kubwa la faru, zito, lenye pembe, mtu akiingia ndani anaonekana faru anayetembea kwa miguu miwili. Adams alilivaa wakati wa kuelekea mlimani. Mlima wenyewe ulipandwa na wenzake, mmojawapo William Todd-Jones, mtu wa fani ya vikaragosi, akiwa ndani ya vazi hilo. Zilipatikana kama pauni 100,000, zikasaidia shule za Kenya na mradi wa kuhifadhi faru weusi hapa Tanzania.

Haraka haraka mtu atasema: haya ndiyo mambo ya wazungu. Mama anapita na ndoo ya maji kichwani, anakutana na mtu mzima amevaa faru. Nani anamcheka nani hapo? Swali hilo ni halali. Lakini fikiria hali ya faru wakati ule. Mwaka 1970 bara la Afrika lilikuwa na faru weusi kama 65,000. Mwaka 1995 walikuwa wamebaki chini ya 2,500. Kipusa kilikuwa kimegeuzwa mipini ya majambia Yemen na dawa za Asia Mashariki. Ule ulikuwa msiba, tena msiba wa kwetu. Akaja mtu akamwigiza marehemu mtarajiwa, akatembea kama yeye, watu wakacheka, halafu akashika jembe. Kwa kipimo changu, Adams alikuwa mtani wa faru. Hakuhubiri. Vazi lile halikuwa na hotuba. Lakini kazi ilifanyika.

Hata hivyo kipimo kina upande wa pili, na nitakuwa mnafiki nikiuficha. Faru hawezi kujibu utani. Na kuna wengine ambao hawakuulizwa. Mwaka 1988, miaka sita kabla ya safari ile, wafugaji waliokuwa ndani ya pori la akiba la Mkomazi waliondolewa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 faru weusi waliletwa huko kutoka Afrika Kusini, na mwaka 2008 Mkomazi ikawa hifadhi ya taifa. Sisemi kwamba fedha za vazi la faru ndizo zilizomhamisha mtu. Tarehe zenyewe zinakataa. Nasema jambo jingine: yule bwana Arthur Dent aliyeambiwa ramani zilibandikwa, wapo watu wa kwetu ambao wangemsikiliza wakamwambia, ndugu, tunakufahamu. Shabiki wa kweli wa hadithi ile angepaswa kuwa mtu wa kwanza kuuliza, kila mahali panapopishwa kitu chema, iwe barabara au faru: wenye nyumba waliambiwa? Kama kitabu kimekuchekesha kwa kisa hicho na bado huulizi, basi umecheka bila kusoma.

Sasa niwageukie wenzangu, waandishi chipukizi wa Arusha, maana hapa ndipo mambo yanapotuhusu kabisa.

Wengi wetu tunataka kuandika vichekesho. Ni rahisi kupata wasomaji, ni rahisi zaidi kupata watazamaji. Na tukianza, mtu wa kwanza tunayemkamata ni nani? Mmasai mlinzi. Rungu mkononi, shuka begani, Kiswahili kimevunjikavunjika, anaogopa lifti, anashangaa televisheni. Ameonekana kwenye vichekesho vya televisheni miaka na miaka, na siku hizi yuko kwenye simu ya kila mtu. Watu wanacheka. Mimi pia huwa nacheka, sitaki kujifanya mtakatifu.

Lakini sisi si watu wa mbali. Mlinzi huyo analala Kijenge, Sakina, Njiro. Tunamsalimia kila siku tukirudi usiku. Boma lake liko Monduli au Longido, mwendo wa basi tu. Mwaka 2009 ukame uliua mifugo mingi sana huko, na mtu aliyepoteza ng'ombe afanye nini? Anakuja mjini kulinda mali za mwingine. Je, hilo tumewahi kuliandika? Kwenye kichekesho chetu ana nafasi ya kujibu? Anajua mambo chungu nzima yanayochekesha kuhusu sisi watu wa mjini, jinsi tunavyoogopa giza, jinsi tunavyoamka saa mbili na kujiita wachapakazi, jinsi tusivyoweza kutaja majina ya mababu zetu watatu. Mpe mdomo huo uone kama kichekesho hakitanoga zaidi. Na akifiwa, wewe uliyepata jina kwa kumwigiza, utachanga?

Kipimo changu ni hicho tu. Sisemi usimwandike. Kumkataza mwandishi asimtanie Mmasai, au Mchaga na pesa zake, au Mmeru na ndizi zake, ni kuua utani wenyewe, na nchi isiyotaniana ni nchi ya kuogopa. Nasema uwe mtani. Kama huwezi kusimama mbele yake ukasema utani huo huo naye akakurudishia, ujue umeandika kejeli.

Kuna hoja inayonipinga, na ina nguvu. Watu wanasema: ukianza kudai wajibu, vichekesho vinageuka mahubiri. Tumeyaona michezo ya kuigiza ya semina, mhusika anatokea mwishoni anatufundisha kunawa mikono, hakuna anayecheka, watu wanasubiri soda. Adams mwenyewe alikataa namba yake isigeuzwe kuwa fumbo la hekima. Ilikuwa utani, nukta.

Nakubaliana nao kabisa, na ndiyo maana nimeutaja utani badala ya kutaja fasihi yenye ujumbe. Mtani anayeigiza marehemu haingizi funzo ndani ya maigizo yake. Anafanya upuuzi, tena upuuzi safi. Wajibu hauko ndani ya kichekesho. Uko kwa mtu aliyekisema na kwa mtu aliyekicheka. Iache 42 ibaki 42. Lakini aliyeiandika alitembea na faru, na hiyo haikumzuia kuwa mpuuzi wa kupendeza hadi mwisho.

Na sisi wachekaji? Mwaka 2018 tulimzika King Majuto, Amri Athumani wa Tanga, mtu aliyetuchekesha kwa miongo. Alipougua, akapelekwa India, akarudi, akafariki Muhimbili tarehe 8 Agosti. Ni katika ugonjwa ule ndipo nchi ilipoanza kujadili kwa sauti mikataba ya wasanii na kilichobaki mikononi mwao. Kumbe tulikuwa tunacheka miaka yote hiyo bila kuuliza kama mzee analipwa. Kanda za wizi tulizitazama, diski za kudurufu tuliazimana, na kila mmoja alijiita shabiki namba moja. Huyo ni shabiki wa aina gani? Kwenye utani, anayekula ubwabwa wa msiba bila kugusa jembe ana jina lake, na si jina zuri.

Adams alifariki ghafla California tarehe 11 Mei 2001, akiwa na miaka 49. Wiki mbili baadaye, tarehe 25 Mei, mashabiki wake walitembea mitaani wamebeba mataulo, kwa sababu kwenye vitabu vyake taulo ndicho kitu muhimu kuliko vyote kwa msafiri wa anga. Wanafanya hivyo kila mwaka. Ni upuuzi, na ni upuuzi mzuri. Lakini kuanzia mwaka 2003 wengine waliongeza jambo: mhadhara wa kumkumbuka jijini London, wenye tiketi za kulipia, fedha zikisaidia Save the Rhino na uhifadhi wa mazingira. Mwandishi hayupo tena kuwadai, hawezi tena kuwaandikia kitabu cha sita. Wao wanalipa.

Naona shabiki wa taulo na shabiki wa tiketi wote wanampenda. Sitawagombanisha. Nasema tu kwamba wa kwanza anakumbuka kicheko, na wa pili ameshika jembe. Nawaomba sisi wa Arusha, wasomaji na waandishi, tuanze na madogo: tununue kitabu cha mwenzetu badala ya kukiazima mara kumi, tusome na kile chake cha huzuni, na usiku tukimsalimia mlinzi pale getini tusubiri na yeye aseme chake.